Kondoo Aliyetajwa kwa Jina la Nyambura

Wenzangu wa benchi ya bucha, tangu nirudi kutoka Mashuuru mmeniuliza jambo moja, kila mtu kwa wakati wake. Nikimaliza kumwambia huyu, anaingia yule. Nimechoka kurudia. Nimeandika hapa, someni, na asiyejua kusoma asomewe. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na kalamu tunajuana kwa mbali, lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu na sitaki mtu aniongezee chumvi. Maneno ya Kizungu yaliyo humu ndani nilimwomba Nyambura mwenyewe ayaandike, msije mkasema nimeyavunja.

Nyambura mnamjua. Ni mtoto wa kijana wangu wa kwanza, na amepewa jina la marehemu mke wangu. Kwa desturi yetu basi ni mke wangu, na ndivyo ninavyomwita. Yeye ananiita Guka, yaani babu. Anakaa kwangu tangu apate kazi hapa Kitengela. Kitu ambacho wengi wenu hamkijui ni kwamba hali nyama. Mayai hali, maziwa hanywi, hata asali anaiangalia kwanza. Anaishi nyuma ya bucha ya babu yake, na hajatia mdomoni hata siku moja kitu kilichotoka mle ndani. Kwa Kizungu mtu wa namna hiyo anaitwa vegan.

Sasa mtu wa namna hiyo akaenda akapenda kijana wa Kimaasai.

Kijana ni Lemayian, fundi wa pampu za sola, mpole, anasalimia mzee akiwa ametoa kofia. Sina neno naye. Kwao ni ng'ambo ya Mashuuru, na kwao ni ng'ombe. Safari yetu ilikuwa ya itara. Asiye Mkikuyu nitamweleza: kabla binti hajaolewa, watu wake wanaenda kuona nyumba atakayoishi, waone kama kuni zipo na kama wenyeji wana heshima. Ukiharibu itara umeharibu ndoa. Sijui njia ya mkato.

Kabla ya kuondoka Nyambura aliniomba kitu kimoja tu. Alisema, "Guka, nyinyi mkichinjiwa mimi sina shida. Lakini kisife kitu kwa jina langu."

Nikamwambia aniachie. Mimi bucha hii niliianza nikiwa nabeba nyama kwa mgongo kutoka kichinjioni, na leo niko na ploti na nyumba za kupangisha. Hakuna mtu amewahi kunifundisha kuongea na watu.

Kitengela mpaka Matasia

Dereva alikuwa jirani yangu Mutua, Mkamba, na gari ni ile Probox yake inayolia mlango wa nyuma. Mutua hakuitisha hata mafuta. Alisema kwa boma la Mmaasai kutakuwa na nyama, na hiyo inamtosha.

Hatujafika mbali, karibu na mahali watu wanachota maji, tukakuta mkokoteni wa punda umekwama matopeni na mwenyewe anampiga punda kwa fimbo. Nyambura akamwambia Mutua asimame. Nilijua tutagombana na watu asubuhi yote. Lakini yeye hakugombana. Alienda nyuma ya mkokoteni na rinda lake la sherehe, akasukuma. Yule mwenye punda akamwambia, "Madam, punda ni wangu na njaa ni yangu," na Nyambura akamjibu anajua, asukume upande ule mwingine. Mkokoteni ukatoka. Akarudi kwa gari akiwa na matope mpaka kwa magoti. Mutua akasema itara iliyoanza na udongo ni ya kujenga nyumba, na tukaendelea.

Hapo ndipo masomo yalianza. Mimi ndiye niliyeyataka. Nilijua nitasimama mbele ya wakwe kumsemea, na nilitaka nimsemee kwa maneno yake mwenyewe, yale ya watu waliosoma, ili wajue hatukutoka porini. Kutoka hapo mpaka Tuala, na kutoka Tuala mpaka Rongai, alinifundisha. Kile kitu alichofanyiwa punda ni cruelty, ukatili. Kile anachotaka yeye ni animal welfare. Nikamuuliza ni kama ile welfare ya kanisa, ya kuchangia waliofiwa. Akacheka mpaka akafuta macho.

"Karibu hivyo, Guka. Ni kuangalia mnyama asiteseke."

Kuna na beliefs, yaani yale mtu anaamini hata kama hayamletei faida. Kuna na ethical, ambayo ni kufanya jambo kwa sababu dhamiri imekataa lile lingine. Hilo la mwisho lilinisumbua ulimi. Mutua alilishika haraka kuliko mimi na akawa analiimba kila gari likituziba mbele pale Rongai. Yule ni mtu wa kuudhi akitaka.

Matasia tulimchukua dada yangu mkubwa, Wairimu. Itara haiendi bila mama mzee. Tulimkuta amekaa kwa stuli nje ya lango, kiondo kikubwa miguuni, na akatuambia tumechelewa kabla hajatusalimia. Wairimu anaamini mtoto ni mgonjwa. Amemwombea mara nyingi. Aliwahi kuniuliza kando kama ni vidonda vya tumbo, na nilipokataa akauliza ni kanisa lipi lililomwambia hivyo. Lakini alipofungua kile kiondo tuone, kulikuwa na mukimo aliouponda bila tone la maziwa, nduma, viazi vitamu, na chupa ya uji wa wimbi. Alikuwa ameamka kupika kukiwa bado giza.

"Mimi sielewi," alimwambia Nyambura, "lakini utakula."

Kiserian mpaka Isinya

Barabara ya Kiserian kwenda Isinya iko wazi na upepo unaisukuma gari. Wairimu alisali tulipoanza kuteremka, akalala, akaamka akatuambia hakulala.

Isinya tuliingia hoteli kwa sababu Mutua alisema hawezi kufika kwa wakwe na tumbo linaongea. Sisi tuliagiza nyama. Nyambura akaagiza ugali na sukuma. Sukuma ikaja inang'aa. Akanusa, akauliza imekaangwa na nini. Mama mwenye hoteli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupoa, akasema imetiwa supu kidogo ya mifupa.

"Hiyo si nyama, mama. Ni ladha tu."

Nyambura akashukuru, akala ugali na chumvi. Mimi nikaona hapa ndipo pa kujaribia masomo yangu. Nikamwita yule mama nikamweleza yote, vegan, beliefs, animal welfare, nikamaliza na ethical bila kuanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika sahani. Kisha akamgeukia Nyambura.

"Kwani ulikosana na ng'ombe?"

Hata Nyambura alicheka. Lakini alipojua tunakoenda, yule mama aliweka sahani chini na akaacha utani. Akaniambia, "Mzee, mwambie baba mkwe kwamba ni daktari amemkataza. Watu wanaelewa daktari. Hawaelewi moyo."

Ilikuwa njia rahisi na nitasema ukweli, niliitaka. Wairimu naye aliitaka, akasema huo si uongo, ni adabu. Nyambura akasema hapana. Hawezi kuingia kwa nyumba ya watu na ugonjwa wa kubuni, kwa sababu ataishi mle ndani na ule ugonjwa maisha yake yote. Akasema hayo polepole huku akifinyanga ugali, bila kuniangalia. Nikaona kidole chake kinatetemeka. Tangu nyumbani alikuwa anacheka kwa ajili yetu, na mimi nilidhani haogopi.

Mama wa hoteli akarudi jikoni. Tukiwa tunanawa, alimletea Nyambura sukuma nyingine, ya kitunguu tu, kwenye karatasi, akasema ni ya njiani.

Kajiado

Kajiado tulisimama kununua shuka, sukari na majani chai ya kupeleka. Wairimu alibishania shuka mpaka mwenye duka akamletea kiti. Mimi nilikaa kwa gari nikiwaza yale maneno ya Nyambura, kwamba kisife kitu kwa jina lake, na kile kidole. Nikaona kazi hii ya kusema haina haja ya kungoja tufike. Nikatoa simu nikampigia baba yake Lemayian.

Nilimsalimu. Nikamwambia tuko Kajiado, tunakuja, lakini wasichinje.

Akauliza, "Msichinjiwe chochote?"

Nikasema chochote.

Akasema sawa, na akakata.

Nilifurahi. Waliporudi kwa gari niliwaambia kwamba kazi imekwisha. Mutua kwanza akaomboleza nyama yake, halafu akauliza kama nimemwambia sababu. Nikasema sababu ataipata nikiwa nimesimama mbele yake, kwa Kizungu. Nyambura alinishika bega kutoka nyuma akasema asante.

Wairimu alipanga zile shuka magotini, akazipanga tena. Tulipokuwa tumetoka mjini akaniita kwa jina langu la utotoni, ambalo sitaliandika hapa.

"Watu wa ng'ambo ya mto, wale tulioshtakiana nao shamba. Unakumbuka walivyokuja kwa baba?"

Nilikumbuka. Walikuja, baba akawaonyesha mbuzi wa kuchinjiwa, wakasema hawataki kuchinjiwa. Hawakusema kingine. Baba alielewa, na sisi watoto tulielewa. Unamkatalia mtu mnyama wake ukiwa na ugomvi naye usiotaka kuumaliza. Mkikuyu anajua hivyo na Mmaasai anajua zaidi. Mimi ninayekula kwa kuuza nyama, nimechinjia watu wakipatana na nimechinjia watu wakioana, nilikuwa nimetoka kumwambia baba mkwe wa mtoto wangu kwamba tuna damu kati yetu.

Nikapiga simu tena. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena mpaka Nyambura akaichukua simu mkononi mwangu, akaifunga, akaiweka kwa kiondo cha Wairimu. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Kajiado mpaka Mashuuru

Kipande hiki sikukiona. Nasikia kuna milima mizuri. Ninachokumbuka ni mbuzi waliotuziba barabarani, wengi, wanatembea kama wako kwao, na Mutua akiwa amezima injini akingoja bila kupiga honi. Hakuimba ethical tena.

Mashuuru sokoni, Lemayian alikuwa anatungoja na pikipiki. Nilijua kwa uso wake. Aliinamisha kichwa nikamgusa, kama desturi yao ilivyo, na akakaa ameinama kidogo zaidi ya kawaida.

Alisema, "Guka, baba amewarudisha wazee. Amesema nyinyi mmekataa."

Nyambura akamuuliza kama hakuwa amemwambia baba yake kwamba yeye hali nyama. Kijana akasema alikuwa anatafuta siku nzuri. Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka mimi nilitafuta siku mbaya.

Kutoka hapo unaacha lami. Mvua ilikuwa imenyesha na ule udongo mweusi ukatushika. Tulishuka wote isipokuwa Wairimu, tukasukuma. Nyambura na Lemayian walisukuma wakiwa bega kwa bega. Nilikuwa nyuma yao, na nilimwona kijana amemshika kidole, kile kile. Nilijiambia, mzee, hata kama utapiga magoti leo, piga.

Bomani

Tulikuta viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa kimoja juu ya kingine kando ya ua. Kina mama walikuwa wamesimama mlangoni pa nyumba. Kondoo dume mwekundu, mwenye mkia mzito wa mafuta, alikuwa amefungwa kwa mgunga. Baba yake Lemayian alikaa peke yake kwa kigoda, fimbo juu ya magoti. Ni mtu mwembamba, umri wangu, macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali.

Nilimsalimu supa, akaniitikia, kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Mama yake, bibi mzee sana wanayemwita Koko, alikuwa amekalia ngozi karibu na mlango. Mkwe alisubiri tukae. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Mzee wa Kitengela. Huyo kondoo nilimtaja. Nilisimama katikati ya mifugo yangu, wazee wakiwepo, nikasema huyu ni wa Nyambura. Ukamkataa kwa simu. Sasa niambie mimi na wewe tuko na damu gani."

Nikasimama, nikavua kofia, na badala ya kujibu swali nikaanza masomo. Nikasema binti yetu ni vegan. Nikasema ni beliefs. Nikasema ni mambo ya ethical. Lemayian alikuwa anamtafsiria Koko na kina mama, na nilimsikia anavyohangaika, kila neno langu moja anatumia yake mengi. Nilipofika kwa animal welfare alikosa kabisa. Akasema kwa Kimaasai kwamba ni kutunza mifugo vizuri.

Baba yake akainua mkono.

"Ni nani amekuja kwa boma langu kunifundisha kutunza mifugo?" Hakupaza sauti. "Kiangazi kile kibaya nilitembea na ng'ombe mpaka chini ya Kilimanjaro. Ndama nilibeba hapa." Akagusa bega. "Wakianguka tuliwainua kwa mkia, mimi na mke wangu, asubuhi na jioni. Wewe unachinja kila siku. Wewe ndiye utaniambia?"

Nilisimama na kofia mkononi. Wairimu alikuwa amefumba macho, midomo inatembea. Mutua alitazama viatu vyake.

Nyambura akatoka pale alipokuwa. Alienda kwa Koko, akapiga magoti na matope yake ya Kitengela na ya Mashuuru, akainamisha kichwa. Bibi akamgusa. Nyambura akasema kwa Kiswahili chepesi, Lemayian akitafsiri:

"Koko, mimi sijamkataa kondoo. Ninamhurumia. Nikiwekewa nyama namwona yeye mwenyewe, na haipiti kooni. Sisemi wengine wamekosea. Guka anachinja, na nampenda Guka."

Hapo nikaacha Kizungu. Nikamwambia mkwe, "Simu nilipiga mimi. Mdomo uliokataa ni wangu, na hatuna damu yoyote. Huyu mtoto anakaa nyuma ya bucha yangu. Nyama yangu hajaila, na hajanidharau hata siku moja. Jioni nikiingia na aproni ya damu, ni yeye anaivua, anailoweka, anaifua kwa mikono yake. Mtu anayefua damu asiyoweza kuitazama, kwa sababu aproni ni ya babu yake, ndiye ninayewaletea. Kama hiyo iko na jina, mimi sijui."

Nikakaa.

Koko akaanza kuongea. Aliongea kwa muda, akimwangalia mtoto wake tu. Lemayian akasita kutafsiri, akamtazama baba yake. Baba akatazama chini, akasema, "Waambie."

Koko alikuwa anakumbusha kiangazi kile kile. Kulikuwa na ng'ombe mmoja wa kahawia mwenye nyota nyeupe kwa uso, ambaye mkwe wangu alimlea tangu ndama. Alipoanguka mara ya mwisho, mkwe alimchuna mwenyewe kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Watoto wakala. Yeye hakula. Hakugusa nyama tena mpaka mvua iliponyesha na majani yakarudi. Walikuwa wanamwekea sahani, anaisukuma kwa watoto.

"Hatukumuuliza," Koko akasema. "Hatukumpa jina. Tulimwekea uji."

Halafu akaweka mkono tena juu ya kichwa cha Nyambura, ambaye alikuwa bado amepiga magoti.

"Na huyu mvua yake haijanyesha. Mwekeeni uji."

Baba yake Lemayian aliinuka, akaenda kwa mgunga, akafungua kamba. Akamleta yule kondoo mpaka kwa Nyambura na akamwekea kamba mkononi. Akasema kondoo aliyekwisha kutajwa harudi kwa wenzake kana kwamba hakutajwa. Nikafikiri sasa yamekwisha, atachinjwa mbele yetu. Akasema, "Nilisema ni wa Nyambura, na ni wa Nyambura. Hafi leo. Akifa, atakufa uzee."

Kisha akamwambia jambo ambalo sisi wa Kitengela hatukulijua, Lemayian akatueleza. Bibi arusi akipewa mnyama na mtu wa boma, wale wawili hawaitani tena majina. Wanaitana kwa yule mnyama waliyepeana. Kondoo kwa Kimaasai ni enker, kwa hivyo aliyetoa na aliyepokea wote wawili wanaitana Paker, mpaka kufa.

"Wewe ni Paker wangu," mkwe akasema. "Na mimi nani?"

"Paker," Nyambura akasema, na hapo ndipo alilia, kondoo akiwa ameanza kumtafuna mkono wa sweta.

Kijana mmoja wa boma alitumwa na pikipiki kuwarudisha wazee, na viti vikashushwa. Kina mama wakatengeneza chai, ya Nyambura ikawa ya rangi. Hakukuwa na nyama bado, basi Wairimu akafungua kiondo. Koko hana meno na aliupenda ule mukimo kuliko mtu yeyote. Aliuliza umetiwa mafuta ya mnyama gani, akaambiwa hakuna, akasema anadanganywa, akaongezewa. Ule uji wa wimbi, Koko mwenyewe alimmiminia Nyambura. Mutua alikula nduma huku akimwangalia yule kondoo kama mtu anayeangalia gari lililomwacha. Mzee mmoja alinung'unika kwamba hajawahi kutoka sherehe na meno safi hivi, na baba yake Lemayian akamwambia arudi kesho, kuna mbuzi ambaye hakutajwa na mtu.

Nyumba tuliiona. Kuni zipo.

Kurudi

Tulilala huko na kurudi siku iliyofuata. Mutua alipewa mguu wa yule mbuzi asiyetajwa, na akaimba ethical kutoka Mashuuru mpaka Kajiado. Wairimu alimwambia Nyambura ataacha kumwombea apone. Sasa atamwombea tu.

Mahali fulani kabla ya Isinya nilimuuliza Nyambura, kwa sababu yeye ndiye mwalimu wangu, Paker kwa Kizungu ni nini. Alifikiri kwa muda mrefu, tukapita hoteli ya yule mama, tukampungia mkono. Akasema hakuna. Nikamwambia sasa na yeye amepata cha kujifunza.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Ndoa iko, na mtaalikwa. Nyama itakuwepo, msiogope, na yeye atawekewa uji.

Mkwe anapiga simu kila baada ya siku chache. Anapiga kwangu kwa sababu nambari yangu ndiyo anayoijua, lakini hanitafuti mimi. Anampa Nyambura habari za kondoo: amepigana na nani, ameumia kwato, amekula shuka ya Koko. Juzi alipiga nikiwa nakata mbavu na wateja wamejaa mlangoni. Akaniuliza hali kwa haraka, akasema nimpe Paker wake. Nikaweka kisu chini, nikapangusa mikono kwa aproni, ile anayoifua yeye, na nikampelekea simu nyuma ya nyumba.